Siku tano nyumbani kwao

Alfajiri ya saa kumi na moja Mashima, mwenye nyumba wangu, aligonga mlango wangu kwa kidole kimoja, kama kawaida yake, akaniambia nivae haraka twende, anaogeshwa. Sikuuliza nani. Ilikuwa Oktoba 2022, nina miezi miwili tu Kolkata, India, na Kibengali changu kilikuwa bado cha kununulia mboga. Nikajitanda mtandio, tukashuka ngazi, tukapita vichochoro vya Sovabazar hadi mto Hooghly, na pale kwenye vidato vya kuteremkia majini nikamwona anayeogeshwa. Ulikuwa mgomba.

Mgomba mchanga, kimo cha mtoto wa miaka kumi, umefungwa pamoja na matawi na majani mengine. Kuhani aliuchovya mtoni huku wapigaji wakizitwanga zile ngoma zao kubwa zenye manyoya meupe, kisha wakauvisha sari nyeupe yenye pindo jekundu. Jani moja lililegea mbele, sari ikalifunika, ukawa kabisa bibi harusi aliyeinamisha uso. Wakaubeba hadi bandani, penye sanamu za Durga Puja, sikukuu ya siku tano ya mungu wa kike Durga, wakausimamisha ubavuni mwa Ganesha, mwanawe Durga. Mtaani humwita Kola Bou, bibi harusi wa mgomba, na watoto huambiwa ni mke wa Ganesha. Mashima alikataa kwa mkono. Si mke wa mtu, alisema, huyu ni Durga mwenyewe. Watu walikuwa hawajajua kufinyanga sanamu, yeye tayari alikuwa majani.

Mimea ni tisa. Nilisimama pale nikiitambua mmoja mmoja, na furaha niliyoipata ataielewa mtu aliyewahi kukaa mbali na kwao: mgomba, gimbi, manjano, mkomamanga, mpunga. Minne kati ya hiyo iko uani kwa bibi yangu Tanga, na mpunga uko bondeni chini ya nyumba yake. Mungu wa kike wa watu wa mbali, na nusu ya mwili wake naijua kwa jina la kwetu.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mwislamu, na nilikwenda pale kutazama. Nilikuwa Kolkata kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya India, shahada ya pili, nikisomea mikoko. Nilipanga chumba cha juu kwa mjane wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima ulimwita Mashima. Mashi kwao ni ndugu wa kike wa mama, yaani mama mdogo. Yeye aliniita "ma", kama sisi tunavyomwita binti mdogo "mama". Zaidi ya miaka miwili niliishi na mtu ambaye mimi nilimwita mama na yeye akaniita mama, na kila mwaka, kwa siku tano, alitujia mama wa tatu mwenye mikono kumi.

Watu wa nje humjua Durga kama mpiganaji. Amepanda simba, mikono yake imeshika silaha, mkuki umemtoboa Mahishasura, lile zimwi la nyati lililowashinda miungu wa kiume mpaka wakaunganisha nguvu zao zikawa mwanamke. Sanamu ndivyo ilivyo. Ila Wabengali wana hadithi nyingine juu ya huyo huyo, na hii ndiyo inayowatoa machozi. Jina lake la nyumbani ni Uma. Ni binti wa mlima, baba yake ni Himalaya, mama yake ni Menaka. Aliozwa mbali, kwa Shiva, mtu wa kujipaka majivu asiye na mali. Mara moja kwa mwaka hurudi kwao na watoto wake wanne, hukaa siku tano akipikiwa na kupambwa, kisha hurudishwa kwa mumewe. Nyimbo za kale za msimu huo ni za Menaka akimsihi mumewe amfuate binti yao, kwa sababu amemwota usiku anateseka.

Ndiyo maana siku ya mwisho wanawake wenye waume hupanda benchi mmoja mmoja, humfuta Durga uso kwa jani la tambuu, humgusisha kitamutamu mdomoni, humnong'oneza sikioni: uje tena. Anaagwa kama binti yeyote wa nyumba.

Mashima, kwa ujane wake, hapandi benchi hiyo. Mila haimpi nafasi. Mwaka 2023 nilimwona anangoja wenzake wamalize, wapakane ile rangi nyekundu ya sinduri usoni, waondoke wakicheka. Kisha akapanda peke yake, akasogeza mdomo kwenye sikio la udongo, akasema neno moja. Nikampa mkono akashuka. Usiku ule tukila nikamwuliza amesema nini.

"Wenzangu humwambia uje tena," akasema. "Mimi humwambia baki."

Alikuwa na mdogo wake. Yeye Mashima aliolewa hapa mjini, mdogo wake akaolewa wilaya ya jirani, kwa watu waliodai redio, baiskeli na bangili za dhahabu, na baada ya harusi wakaendelea kudai. Kwao mahari hutoka kwa wazazi wa msichana kwenda kwa mume, na sheria imekataza jambo hilo tangu 1961. Mdogo mtu akaja kwao kwenye Durga Puja, kama Uma. Siku ya kurudi akaketi kizingitini, akasema haendi, akawaonyesha mgongo wake. Baba yao alikuwa mtu mpole, mtu ambaye kila mwaka alilia akisikia nyimbo za Menaka. Alimshika bega binti yake, akamwambia: mwanangu, hata Uma hurudi kwa mumewe.

Akarudi. Kabla ya Puja iliyofuata ikaletwa habari kwamba jiko la mafuta ya taa limemlipukia. Mashima aliniambia jambo moja tu kuhusu jiko lile: mama mkwe alikuwa amelipikia miaka mingi na halikuwahi kumlipukia yeye.

Nilipanda kulala nikiwa sina la kusema. Baadaye nilitafuta, kwa kuwa ndiyo tabia yangu, nikaona kwamba India iliingiza kosa la kifo cha mahari kwenye sheria ya jinai mwaka 1986, na kwamba katika mwaka 2022 peke yake polisi waliandikisha vifo vya namna hiyo zaidi ya 6,000.

Mama yangu aliniuliza kwenye simu swali ambalo kila mtu wa kwetu huniuliza. Wanamwabudu mwanamke, mbona wanawafanyia hivyo mabinti zao? Mwaka wa kwanza nilimjibu kwamba ni unafiki. Leo silitumii neno hilo. Baba yake Mashima hakuwa mnafiki, machozi yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa na hadithi ya binti anayerudi kwao, na ndani ya hadithi hiyo hiyo kulikuwa na mlango wa kumtolea nje. Siku ya shida akaufungua ule mlango, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Na sisi pia, tunaovaa kanga zilizoandikwa Nani kama mama, tunawajua mabinti waliorudi kwao na kanga mkononi wakaambiwa ndoa ni kuvumilia.

Hata kabla ya kuzaliwa kuna mlango. Nilipougua tumbo 2023 nilipelekwa kupigwa picha ya altrasaundi, na ukutani kulikuwa na ubao wa lugha tatu unaosema kwamba hapa jinsia ya mtoto aliye tumboni haitajwi, ni kosa la jinai. Nilidhani ni utaratibu wa zahanati ile. Kumbe ni sheria ya nchi nzima ya mwaka 1994, kwa sababu watu walikuwa wakiambiwa ni msichana wanaitoa mimba. Sensa ya 2001 ilihesabu wasichana 927 wa chini ya miaka saba kwa kila wavulana 1,000. Ya 2011, sheria ikiwa tayari ipo, wakawa chini ya 920, na katika jimbo la Haryana 834. Mwenzangu wa darasani aliyetoka Haryana aliniambia kwamba mwishoni mwa Navratri, sikukuu yao ya siku tisa, mama yake anapotakiwa kuosha miguu ya wasichana wadogo tisa na kuwalisha kama miungu, hulazimika kuazima watoto mtaa wa pili. Kwao hawatimii tisa.

Aprili 2024 nikaenda Sundarban, msitu wa mikoko ulioko India na Bangladesh, kwa kazi yangu. Treni kutoka Sealdah hadi Canning, gari hadi Godkhali, kisha boti, Gosaba na kuendelea. Nilipovua viatu nikakanyaga tope nilijihisi nimefika kwetu. Harufu ile ile, maji yanapwa na kujaa vile vile, mizizi ya mchu imechomoza kama penseli. Muia upo, mkandaa upo, mkomafi upo. Ule mti ulioupa msitu jina, sundari, ni ndugu wa damu wa msikundazi wetu, ingawa upande wa India umeadimika kwa sababu maji matamu yamepungua na chumvi imezidi. Tofauti kubwa na kwetu ni kwamba kwao ndani ya mikoko kuna chui milia, kiasi cha mia moja kwa upande wa India, na wanakula watu.

Nilifikia kwa mrina asali. Mkewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupwelea, alinipeleka kwenye kibanda cha udongo ukingoni mwa kijiji, ndani kuna sanamu ya mwanamke amempakata mtoto, na chui pembeni. Huyo ni Bonbibi, Bibi wa Msitu. Wahindu humwabudu kama mungu wa kike, Waislamu humwendea kama walii, na wote huingia kibanda kimoja. Hadithi yake imetungwa kwa beti, na kijitabu chake hufunguliwa kutoka kulia kama msahafu ijapokuwa maandishi ni ya Kibengali. Alinisimulia yeye, mwanafunzi mwenzangu akitafsiri, wanakijiji wakimsahihisha kila hatua.

Fakiri mmoja wa Makka, Ibrahimu, aliyekuwa hana mtoto, alioa mke wa pili. Mke mkubwa akamtaka ahadi, na ahadi yenyewe ikawa kumtupa mke mdogo msituni akiwa na mimba. Akamtupa. Mama yule akajifungua pacha peke yake chini ya mti, msichana na mvulana. Akaona hawezi kuwabeba wote wawili. Akamchukua mvulana, akamwacha msichana.

Hapo msimulizi alinyamaza, na wanawake waliokaa nyuma yake hawakusahihisha kitu.

Msichana alinyonyeshwa na paa. Akakua, na ni yeye, yule aliyeachwa, ambaye Mungu alimpa kazi ya kuilinda nchi ya maji ya kupwa na kujaa. Akapambana na Dokkhin Rai, mwenye msitu anayejigeuza chui kula watu, au tuseme akapambana na mama yake Dokkhin Rai, kwa sababu mama alisema mwanamke apigane na mwanamke. Bonbibi akashinda, kisha akamfanya yule mama shoga yake, wakagawana. Sehemu hii ya binadamu, sehemu ile ya chui. Binadamu akiingia msituni aingie mikono mitupu, bila silaha, na asichukue zaidi ya haja yake. Tamaa ndiyo inayofungua mdomo wa chui.

Na wanayashika masharti hayo, niliyaona. Mrina asali yule haingii msituni Ijumaa, kwa sababu Bonbibi Ijumaa yuko kwenye swala. Akikata sega huacha kipande chenye watoto wa nyuki. Hakuna askari anayemtazama kule ndani. Kwa mtu aliyesoma vitabu vingi vya uhifadhi kama mimi, kumwona baba asiyejua kusoma akiacha asali mtini kwa hiari yake, na deni analo dukani, lilikuwa somo ambalo sijapewa darasani.

Ila kesho yake asubuhi nikamwona binti yake mtoni. Miaka kumi na nne, maji kiunoni, anavuta neti ya buluu mkondo wa maji kujaa, saa baada ya saa. Mto una mamba. Akatoka, akachuchumaa topeni, akamimina alichovua kwenye sahani nyeupe, na kwa gamba la chaza akaanza kuchambua: vifaranga vya kamba, vyembamba kama unywele, huku, kila kingine kule. Vya kamba hununuliwa kwa idadi na kupelekwa mabwawani. Kila kingine, maelfu ya samaki na kaa wasiokuwa bado na sura, alikimwaga topeni kikakauka. Sheria ya Bonbibi ya kutochukua zaidi ya haja haikumfikia mtoto huyu kiunoni mwa maji. Nilimwuliza shule. Akasema anakwenda akimaliza maji kujaa.

Mama yake alinieleza kwa kuonyesha tuta la mto. Mei 2009 kimbunga Aila kilivunja matuta, bahari ikaingia mashambani, na chumvi ilipokaa kwenye udongo mpunga ukagoma miaka kadhaa. Mei 2020 kikaja Amphan. Wanaume walikwenda Kerala na Chennai kubeba zege. Wakabaki wanawake, mabinti na neti za buluu. Ndipo wakaja watu waliovaa vizuri wakiahidi kazi za ndani Delhi, au ndoa bila mahari, na wasichana wengi wa wilaya hizi za mto waliondoka na watu hao na hawakufika kwenye kazi wala ndoa. Kwa Kibengali mtu huyo huitwa dalal. Ni neno letu lile lile. Jirani wa mama huyu ana binti wa aina hiyo, picha yake ipo ukutani karibu na ya Bonbibi.

Nilipokuwa narudi kwenye boti nililipata lile nililokuwa nalitafuta kumjibu mama yangu. Msitu una masharti kwa sababu una chui wa kuyadai. Ukizidisha, analipiza. Binti hana chui. Unaweza kumtoa shule, kumtoa kwao, kumrudisha kwa anayempiga, na hakuna kitakachotoka vichakani kukudai haki yake. Mto nao hivyo hivyo: Machi 2017 mahakama kuu ya jimbo la Uttarakhand iliutangaza mto Ganga kuwa mtu kisheria, mwenye haki, na Julai mwaka ule ule mahakama ya juu ikasimamisha amri hiyo. Mama Ganga anaimbiwa kila jioni kwa taa, na maji machafu ya miji yanaingia ndani yake usiku na mchana, kwa imani kwamba mama anavumilia. Hilo neno kuvumilia nimelichukia katika lugha zote mbili.

Agosti 2024 daktari kijana aliyekuwa mafunzoni alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya serikali ya RG Kar, kaskazini mwa Kolkata, mwendo wa rikshoo kutoka kwetu. Alikuwa zamu, amekwenda kupumzika. Usiku wa tarehe 14 wanawake waliitana kuuchukua usiku, yaani kutoka barabarani kuandamana, kila mtaa. Mimi niliogopa kidogo, mgeni na kibali cha masomo. Mashima alitoka chumbani mwake saa tano na nusu amevaa sari yake nyeupe ya ujane, mkononi ameshika kome kubwa la baharini, lile analolipuliza jioni kwenye sala zake. Akaniambia, ma, nishike mkono, ngazi zina giza.

Barabara ya Shyambazar haikuwa na pa kukanyaga. Wasichana wa chuo, wapishi wa nyumbani, wauguzi wenye sare, bibi kizee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mishumaa, kila mmoja na wake. Saa sita kamili Mashima alifumba macho, akavimbisha mashavu, akapuliza. Yale makome hulia kama meli. Likaitika jingine upande wa pili wa barabara, na jingine, hadi ikawa sauti moja iliyonitetemesha kifua. Kwenye hekalu sauti ile humwita Durga aje. Pale barabarani sikujua anaitwa nani, lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike nilihisi kuna kitu kinaweza kutoka vichakani.

Januari iliyofuata mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha. Wazazi wa daktari yule walisema hawajaridhika.

Puja ya 2024 ilikuja na uzito. Baadhi ya kamati za mitaa zilikataa ruzuku ya serikali ya jimbo ya rupia 85,000. Siku ya kuaga nilikwenda bandani na Mashima kama kawaida, nikamtafutia kiti nyuma akangoje zamu isiyo yake. Wanawake wakajipanga na majani yao ya tambuu. Benchi ikabaki tupu. Nikaona wanageuka, mmoja, wawili, wote, wanamtazama. Mke wa muuza dawa, ambaye hata salamu yake ni ya shida, alikuja akampa mkono, akasema, Mashima, wewe kwanza.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akapanda, nikiishika benchi isicheze. Akamfuta Durga uso kwa jani, taratibu, paji, mashavu, kidevu, kama anayefuta jasho la mtu aliyetoka safari. Kisha akasogea sikioni. Safari hii hakusema neno moja. Alikaa pale muda mrefu, akinong'ona, na ile foleni nyuma yetu haikumharakisha.